Marubani Tunao, Walimu wa Marubani Wako Wapi?

Kijana mmoja wa kata ya Kalangalala, hapa mjini Geita, aliyemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa fizikia na hisabati, alitujia hivi karibuni akiwa na swali. Hakuuliza namna ya kuwa rubani. Alisema marubani amekwisha kusikia habari zao tangu utotoni. Alilotaka kujua ni hili: mtu akitaka kuwa mwalimu wa marubani, yaani yule anayekaa pembeni mwa mwanafunzi angani na kumfundisha kazi, aende kusoma wapi, na akihitimu afundishe wapi?

Tulidhani ni swali la kujibiwa kwa dakika mbili. Tulipolitafakari tukaona kwamba linagusa jambo ambalo Taifa letu limelizunguka kwa zaidi ya nusu karne bila kulimaliza. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulileta mbele ya wasomaji, na hasa mbele ya makundi mawili. La kwanza ni ndugu zetu wa visiwa vya Ziwa Viktoria, wa Ukerewe na Ukara, wa Kome na Maisome, ambao wanajua kuliko wengi thamani ya mtu anayejua kuongoza chombo. La pili ni viongozi na watumishi wa Serikali, ambao uamuzi wa jambo hili umo mikononi mwao.

Ndugu zetu wa visiwani wanayo haki ya kwanza katika mjadala huu hata kwa upande wa lugha. Neno rubani halikuzaliwa angani. Lilikuwa neno la baharini kabla ndege haijabuniwa: rubani alikuwa mtu aliyejua miamba, mikondo na maji ya kupwa na kujaa, akakiongoza chombo hadi bandarini salama. Naye hakuupata ujuzi huo kwa kitabu peke yake. Aliupata kwa kukaa miaka mingi karibu na rubani mwingine aliyemtangulia, akiona, akikosea, na akisahihishwa. Wale waliopita vyuoni wanajua pia kwamba katika mapokeo ya elimu ya dini kusoma kitabu ni jambo moja, na kupewa ijaza ya kukifundisha ni jambo jingine. Wajuzi wa kale hawakuchanganya kujua na kufundisha. Sheria za usafiri wa anga za leo nazo hazichanganyi.

Hebu tutazame kwanza kazi yenyewe. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mtu anayetaka leseni ya rubani wa biashara hana budi kuwa ametimiza miaka 18, awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na awe ameruka saa zisizopungua 200, au 150 iwapo alisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Huyo ni rubani. Lakini bado si mwalimu. Ili awe mwalimu ni lazima asome upya: namna binadamu anavyojifunza, namna ya kupanga somo, ya kupima mwanafunzi, ya kutambua kosa na kulisahihisha, na ya kufahamu hatari zilizomo katika kuigiza hitilafu ndege ikiwa angani. Kisha afundishwe kufundisha, akiwa ndani ya ndege, na mwalimu aliyekwisha kukubaliwa. Katika nchi za Ulaya mafunzo hayo huchukua saa 125 za darasani na saa zisizopungua 30 za angani. Hata akifaulu, mwalimu mpya hufundisha kwanza chini ya macho ya mwalimu mkongwe, mpaka afikishe saa 100 za kufundisha na awe amesimamia safari 25 za wanafunzi wanaoruka peke yao.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwanafunzi hukaa kiti cha kushoto, mwalimu hukaa kiti cha kulia. Rubani aliyezoea kuruka miaka yote kwa mkono wa kushoto kwenye usukani na wa kulia kwenye mafuta, anapoanza ualimu hugeuzwa, akajifunza upya kupaa na kutua kwa mikono iliyobadilishana kazi. Na anapokuwa amekaa pale, kazi yake kubwa si kuruka bali ni kujizuia asiruke. Mwanafunzi anapokosea, mwalimu asiyejua kazi hunyakua usukani papo hapo. Ndege hutua salama, lakini mwanafunzi hakujifunza neno. Mwalimu mzembe naye huacha kosa likue mpaka limshinde hata yeye. Mwalimu wa kweli hujua kosa hili ni la kuachwa kwa sekunde tatu ili mwenyewe aligundue, na lile si la kuachwa hata kidogo. Kipimo hicho hakiandikiki kitabuni.

Halafu huja siku ambayo mwalimu hufungua mlango, akashuka, akamwacha mwanafunzi apae peke yake kwa mara ya kwanza. Hakuna mashine inayomwambia kwamba siku imefika. Akishuka mapema mno, huenda akaua. Akichelewa mno, humvunja mwanafunzi moyo na kumlisha mazoea ya kutegemea. Tunawaomba viongozi wetu waitafakari picha hiyo ya mtu aliyesimama kando ya uwanja akiitazama ndege inazunguka angani bila yeye. Huyo ndiye mtu ambaye Taifa letu linamhitaji, na ndiye ambaye hatujamwandaa kwa hesabu wala kwa mpango.

Ulimwengu nao ulijifunza jambo hili kwa damu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa wakipoteza vijana wengi mafunzoni kabla hawajamwona adui. Mara nyingi waliotumwa kufundisha walikuwa marubani waliochoshwa na vita, waliopelekwa huko kupumzika, na hakuna aliyewafundisha kufundisha. Mwaka 1917, mahali paitwapo Gosport, ofisa mmoja aliyeitwa Robert Smith-Barry aliigeuza kazi hiyo. Alianzisha shule ya kuwafundisha walimu wenyewe. Aliweka bomba la kusemea ili mwalimu na mwanafunzi wasikilizane katikati ya kelele za injini, na badala ya kuwakataza wanafunzi mambo ya hatari, aliagiza wafundishwe kwa makusudi namna ndege inavyoanguka ikizunguka kama pia, na namna ya kuiokoa. Njia yake ndiyo mzizi wa mafunzo ya urubani duniani hadi leo. Funzo kwetu ni kwamba Uingereza haikuwa na upungufu wa ndege wala wa vijana hodari. Ilikuwa na upungufu wa walimu waliofundishwa ualimu.

Sasa turudi nyumbani. Nchi yetu haikuanza jana kuitafuta elimu hii. Mwaka 1964 tulipoanza kujenga jeshi jipya la wananchi, Ujerumani Magharibi ilikubali kutusaidia kuunda kikosi cha anga na kuwafundisha vijana wetu. Mwanzoni mwa mwaka 1965 ukazuka mgogoro kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki katika Jamhuri yetu baada ya Muungano na Zanzibar. Serikali ya Bonn ilitaka tuchague marafiki kwa kalamu yake; tulipokataa, ikawaondoa wakufunzi wake. Mwalimu Nyerere alijibu kwa namna inayojulikana: msaada wenye kamba shingoni hatuutaki, na uliobaki wakauchukue. Baadaye wakaja Wakanada, wakatufundisha kwa ndege za Otter na Caribou hadi mwaka 1970, kisha wakaja Wachina.

Tunaikumbuka historia hiyo bila kinyongo kwa yeyote. Wote waliokuja walitufaa. Lakini kila mara mwalimu alipoondoka, aliondoka na ualimu wake. Alituachia marubani, wala hakutuachia wa kutosha wa kuwazaa marubani wengine. Kisima cha kuazima hakikati kiu, na tulilionja hilo mapema sana.

Kwa upande wa usafiri wa kiraia, njia ilionekana kuwa nyepesi zaidi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1946 lilikuwa mali ya nchi zetu zote, na mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani huko Soroti, Uganda. Mpango ulikuwa wa busara: nchi tatu, chuo kimoja, walimu wa pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Shirika likafa, na mwezi Machi mwaka huohuo tukaunda Shirika letu la Ndege. Tukagawana ndege, madeni na majengo. Chuo kikabaki kilipokuwa kimejengwa, Soroti. Walimu hawakugawanywa kwa sababu mwalimu hagawanyiki. Ndivyo tulivyojikuta na shirika la ndege lisilo na chuo cha kulizalia marubani, na tangu hapo kijana wa Kitanzania anayetaka kuruka amekuwa akifunga mizigo kwenda Nairobi, Soroti, Addis Ababa, Afrika Kusini, au mbali zaidi, mwenye fedha kwa fedha zake na asiye nazo kwa kungoja mfadhili.

Hapa tunaona vyema kuwatazama Waethiopia, majirani ambao hawakuwa matajiri kuliko sisi. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1945 kwa msaada wa kampuni ya Kimarekani, na miaka ya mwanzo usukani ulikuwa mikononi mwa Wamarekani. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa Mhabeshi wa kwanza kuiamuru ndege ya shirika hilo akiwa kapteni. Hawakusherehekea wakatulia. Katika miaka ya 1960 walifungua shule yao ya urubani, na marubani waliotoka humo baadhi yao wakarudishwa humohumo kuwa walimu. Leo vijana wa nchi nyingi za Afrika, wa kwetu wakiwamo, huenda Addis Ababa kusoma na kulipa ada. Tofauti kati yetu na wao haimo katika idadi ya ndege. Imo katika uamuzi wa kumhesabu mwalimu kuwa sehemu ya shirika, kama vile injini ilivyo sehemu ya ndege.

Hatusemi kwamba Serikali imelala. Tangu mwaka 2016 Shirika letu limefufuliwa kwa ununuzi wa ndege mpya: Q400, kisha Boeing 787 na Airbus A220 mwaka 2018, na mwaka 2023 ndege ya mizigo ya Boeing 767 na ndege ya abiria ya 737 MAX. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimeingizwa katika mradi wa EASTRIP unaogharimiwa na Benki ya Dunia ili kiwe kituo cha umahiri katika usafiri wa anga, na ndege za mafunzo zimenunuliwa. Hatua hizo ni za kupongezwa, nasi tunazipongeza. Lakini ndege ya mafunzo isiyo na mwalimu ni kama mtumbwi uliofungwa gatini: unapendeza kuutazama, na samaki hauleti.

Tena ipo ishara ambayo haifai kupuuzwa. Mwezi Desemba mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka Shirika letu la Ndege katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na mwezi Juni mwaka 2025 ukayaweka mashirika yote yenye vyeti vya nchi yetu. Wapo waliokasirika, na hasira ya mzalendo tunaielewa. Lakini miongoni mwa sababu zilizotajwa ulikuwa upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi. Tujiulize kwa utulivu: mkaguzi wa marubani hutoka wapi? Hatoki katika darasa la utawala. Hutoka miongoni mwa marubani wakongwe waliopitia ualimu na utahini, wanaojua kosa linavyozaliwa kwa sababu wameliona likizaliwa mara elfu. Nchi isiyo na walimu wengi wa urubani haiwezi kuwa na wakaguzi wengi wa urubani. Tukikausha mto huo kwenye chemchemi, tusishangae mitungi ikiwa mitupu huko chini.

Ndugu zetu wa visiwani huenda wakauliza: haya yanatuhusu nini sisi tunaovuka kwa kivuko na mtumbwi? Yanawahusu sana. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikienda Bukoba iliangukia Ziwa Viktoria ikiwa na watu 43. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Waliookoka walikuwa 24, na waliowahi kufika kuwaokoa walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Hatuitaji ajali hiyo ili kumlaumu mtu yeyote. Marehemu tunawaombea na waokoaji tunawaheshimu. Tunaitaja kwa sababu siku ile ziwa na anga vilikuwa kitu kimoja, na kila mtu wa pwani hizi alikiona kwa macho yake.

Tena wakazi wa visiwa ndio wanaobebwa na ndege ndogo kuliko watu wengine. Waulizeni watu wa Mafia, wa Pemba na wa Unguja. Kwao ndege ya injini moja si anasa. Hubeba mgonjwa, mwalimu, na mfanyabiashara. Ndege hiyo mara nyingi huongozwa na rubani mmoja, na mara nyingi rubani huyo ni kijana anayejenga saa zake za mwanzo kabla hajaitwa na shirika kubwa. Hana mwenzake wa kumnong'oneza. Alichonacho peke yake ni sauti ya mwalimu wake iliyobaki kichwani. Basi abiria wa kisiwani ana haki ya kuuliza sauti hiyo ilikuwa ya nani, na ilimfundisha nini.

Na mazingira yetu yana masomo yake. Ziwa letu liko kiasi cha meta 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyembamba kuliko ya Dar es Salaam; ndege ileile, kwa mzigo uleule, huhitaji njia ndefu zaidi kupaa, na hasa jua linapokuwa kali. Radi za Ziwa Viktoria ni miongoni mwa nyingi kabisa duniani: usiku na alfajiri hujikusanya juu ya maji, na mchana hujikusanya juu ya nchi kavu inayolizunguka. Mvuvi wa Maisome analijua hilo bila cheti. Lakini kijana aliyefundishwa katika nchi ya mbali, na mwalimu ambaye hajapata kuliona ziwa hili, atalijulia wapi? Mwalimu wa nyumbani hufundisha sheria za anga yote ya dunia, halafu hufundisha na tabia ya anga hii.

Zipo hoja za upande wa pili, na si haki kuzinyamazia. Mzee mmoja wa Kalangalala alipotusikia tukilizungumza jambo hili alituuliza: je, mnataka tusomeshe walimu wa ndege wakati watoto wetu wanabanana darasani? Swali lake ni zito. Gharama ya kumfikisha kijana mmoja katika leseni ya biashara ni kubwa, na hatuwezi kusimama mbele ya mama anayejifungulia njiani tukamwambia asubiri mpaka tupate rubani. Kwa hiyo hatusemi kwamba fedha ambazo migodi huzitoa kwa huduma za jamii, kwa mipango inayokubaliwa na halmashauri tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, zihamishwe kutoka kwenye zahanati na madawati. Wajibu wa kuandaa walimu wa urubani ni wa Taifa zima. Wajibu wa Kalangalala ni kuhakikisha kwamba maabara za shule zake zina vifaa na walimu wa fizikia, na kwamba Kiingereza kinafundishwa hadi kueleweka, maana pasipo kiwango cha nne cha lugha ya redioni hakuna leseni ya kimataifa, hata kijana awe hodari namna gani.

Hoja ya pili husema: tukodi walimu kutoka nje, kazi iendelee. Nasi tunakubali kuanza hivyo, kwa kuwa mwalimu wa kwanza hana budi kufundishwa na mtu. Lakini kukodi bila mpango wa kurithisha ni kurudia yale ya 1965 na ya 1977. Hoja ya tatu ni ya wale wenye haraka, wanaotaka walimu wapatikane kwa mkupuo. Hao tunawakumbusha Azimio la Musoma la mwaka 1974. Taifa liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na uamuzi ule ulikuwa wa utu na wa haki. Walimu walipokosekana, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa vijijini wakafundisha. Wengi walifanya kazi kubwa tusiyoweza kuilipa. Hata hivyo wananchi, kwa utani wao mchungu, waliigeuza UPE ikawa Ualimu Pasipo Elimu. Darasani kosa la mwalimu huonekana baada ya miaka, na mwanafunzi bado yuko hai. Angani hakuna muda huo.

Na ipo hoja ya nne, iliyo ngumu kuliko zote: mwalimu akipatikana, atabaki? Katika nchi nyingi kijana hufundisha si kwa kuupenda ualimu, bali kwa kutafuta saa. Marekani, baada ya ajali ya karibu na Buffalo ya mwaka 2009, ilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013, ikiwataka marubani wa mashirika ya abiria wawe, kwa kawaida, na saa 1,500 kabla ya kuajiriwa. Vijana wakajaa katika ualimu wa shule za urubani, na saa zilipotimia wakaondoka. Hatuwalaumu, mtu hufuata riziki. Lakini ni dhahiri kwamba tukimlipa mwalimu sehemu ndogo ya mshahara wa yule aliyemfundisha, tutakuwa tumeamua wenyewe kwamba aondoke.

Kwa sababu hizo zote tunatoa maoni yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, katika kila kundi la vijana wanaosomeshwa urubani kwa fedha za umma, itengwe mapema nafasi ya wale watakaoendelea na mafunzo ya ualimu, nao waingie mkataba wa kulitumikia Taifa kwa miaka inayojulikana kabla ya kwenda watakako. Nafasi hizo zitangazwe hadi makao makuu ya wilaya na visiwani, wala zisiishie kwenye mbao za matangazo za Dar es Salaam. Wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana.

Pili, kila mkufunzi wa kigeni atakayeajiriwa aje akiwa na Watanzania wawili au watatu wa kurithi kazi yake, kwa majina na kwa tarehe. Hilo si jambo geni. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inadai mpango wa kurithishana, na kanuni za madini za mwaka 2018 zinaudai migodini. Kinachodaiwa kwa fundi wa mgodi wa Geita kidaiwe pia kwa mwalimu wa anga.

Tatu, wazee wa kazi hii wasitupwe. Kwa kanuni za kimataifa rubani wa ndege ya abiria yenye marubani wawili huacha safari za kimataifa za biashara akifika miaka 65. Lakini sheria hiyo haimkatazi kufundisha iwapo afya yake ni njema. Tunao makapteni waliolitumikia Shirika letu tangu siku zake za mwanzo. Wakifundishwa ualimu, maarifa yao yataendelea kuruka. Wakiachwa, watazeeka nayo barazani.

Nne, muundo wa utumishi wa umma umtambue mwalimu wa urubani, mtahini na mkaguzi kuwa ngazi tatu za njia moja, kila moja ikiwa na heshima na malipo yake, ili kijana anayeingia ualimu aone mbele yake kazi ya maisha wala si kituo cha kusubiria basi.

Tano, ufikiriwe uwezekano wa kuutumia uwanja wa ndege wa Chato kwa mazoezi. Shule ya urubani huhitaji njia nzuri ya lami na anga isiyosongamana, kwa kuwa mwanafunzi hupaa na kutua mara nyingi kwa saa moja, jambo ambalo uwanja wenye shughuli nyingi haulivumilii. Mkoa wetu unao uwanja huo, nao umegharimu fedha za wananchi. Wataalamu waupime, watuambie kama unafaa.

Ndugu zetu wasomaji, mgodi wa kwanza wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Wazee wanakumbuka mji ulivyopoa. Mgodi wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na siku moja nao utafika mwisho wake, kama kila mgodi. Dhahabu ikishachimbwa hairudi shimoni. Mwalimu mmoja, kinyume chake, akifundisha walimu watano, na kila mmoja wao akafundisha watano, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuiendeleza.

Kijana wa Kalangalala tulimjibu kwa kadiri ya uwezo wetu. Tulimweleza masharti, umri, afya na saa. Tulimtajia vyuo vya nchi jirani na matayarisho ya chuo chetu cha Taifa. Swali lake la pili, la kwamba akihitimu afundishe wapi, hatukuwa na jibu la kumpa, na hatukutaka kumdanganya. Tunalipeleka kwa waheshimiwa wanaohusika na usafirishaji, elimu na utumishi. Kijana anaishi kata ya Kalangalala, cheti chake cha kidato cha sita kiko tayari, naye anasubiri.